Ngazi ya Wageni

Jumatatu saa tatu asubuhi bibi mkunga, Mbo Sadaria, alikuwa amechuchumaa kwenye sakafu ya mianzi, akiosha kondo la nyuma la mtoto wa mjukuu wake kwa maji ya bahari na manjano. Beseni lilikuwa la plastiki, lile lile la kuoshea mihogo. Aliosha taratibu, mkunjo kwa mkunjo, kama mtu anayemnawisha mtoto uso kabla ya kumtoa kwa wageni. Kisha akaliweka ndani ya kifuu cha nazi, akatia chumvi na konzi ya majivu, akafunika kwa kitambaa cheupe.

Nyuma yake mjukuu wake, Rusmini, alikuwa akijaribu kunyonyesha tangu alfajiri. Mtoto alikuwa wa kike, wa jana. Aligeuza uso.

"Hataki, Mbo. Ananitazama kama nimemkosea."

"Wewe hajakuona bado. Anamtafuta nduguye."

"Sasa si umpeleke huyo nduguye?"

"Naenda. Kunywa uji wako. Maziwa hayaji kwa kulalamika."

Kila mtu wa kijiji cha Bungin Pute ana ndugu yake majini. Huzaliwa naye, hutoka baada yake, na mkunga humpeleka kwenye ukuta wa matumbawe, pale miamba inapokatika ghafla na maji kuwa meusi. Huko hupokewa na wa kwao, akakua. Ndugu wa Mbo Sadaria alikuwa na miaka sabini na mmoja kama yeye, na goti la kushoto lilimsumbua siku zile zile linapomsumbua yeye. Sikukuu watu walizama kuwasalimia, wakawapelekea tambuu na habari za nani kamposa nani. Mtoto ambaye nduguye hajafikishwa hanyonyi. Siku ya kwanza hulia, ya pili hunyamaza, na zinazofuata wakunga hawapendi kuzizungumzia.

Shida ilikuwa maboya. Miaka miwili nyuma, hoteli ya wazamiaji iliyo kisiwa cha pili ilipata barua kutoka mjini ya kuulinda ukuta ule. Ikatandaza kamba na maboya ya njano, na kibao kilichosema kwamba mahali hapo panalindwa dhidi ya binadamu. Kisha ikaleta binadamu arobaini kwa siku kutoka nchi za theluji, wamevaa mpira mwili mzima na kubeba mitungi ya hewa mgongoni. Mtu wa kijijini aliyekutwa ndani ya kamba alikatiwa mtumbwi wake kwa msumeno. Walinzi walikuwa vijana wenye adabu. Walimsaidia kwanza kutoa nyavu. Baba wa mtoto wa Rusmini alikuwa bahari ya mbali akitafuta samaki, kwa kuwa wale wa karibu walikuwa wamelindwa.

Watoto wote waliozaliwa katika miaka hiyo, ndugu zao walipelekwa wakati walinzi wanakula. Mwezi uliopita walinzi walianza kula kwa zamu.

Kwa hiyo Mbo Sadaria alipiga kasia moja kwa moja hadi gati la hoteli, mchana kweupe, kifuu kikiwa mapajani.

Meneja, Bwana Hendra, alikuwa mtu wa Jakarta na hakuwa mtu mbaya. Mwaka wa dhoruba alileta mchele kijijini na kuubeba mwenyewe begani. Alimwekea bibi kiti kivulini, akamletea chai yenye sukari vijiko vitatu, akakoroga mwenyewe.

"Karibu, bibi. Umetuletea nini, kaa?"

"Nimeleta mtoto. Nampeleka kwao hapo ukutani mara moja. Chai haitapoa."

Bwana Hendra alifunua kitambaa, akatazama, akakifunika vizuri kama kilivyokuwa.

"Hongereni. Anayezama ni nani?"

"Mimi."

"Una kadi ya uzamiaji?"

"Mwanangu, nimezama pale tangu sijavunja ungo."

"Sikatai. Lakini kadi huna. Mafunzo ni siku nne, na lazima mwalimu aone kwamba unaweza kupumua majini."

"Nipumue majini nitafute nini? Mimi nikiingia majini naziba pumzi. Wanaopumua mle ni samaki."

"Ndio utaratibu, bibi." Alifungua kitabu cha kanuni, akapitisha kidole. "Na huyu mwenzako, ana umri gani?"

"Wa jana."

"Tunaanzia miaka kumi," alisema kwa upole. "Na hata huyo wa kumi, awe na mzazi."

"Mzazi wake yupo huko chini, anamsubiri."

"Ana kadi?"

Mbo Sadaria alikunywa chai. Ilikuwa chai nzuri.

Boti ilirudi na wageni. Walivua miwani iliyowaachia alama usoni, wakasimama mbele ya ubao wa hoteli wakiweka alama kwa chaki kwenye walivyoviona: kasa, papa mdogo, kambamti, watu wa ukutani. Mbele ya watu wa ukutani palikuwa na nyongeza: usiwaguse. Bwana mmoja mwenye tumbo alilalamika kwamba watu wa ukutani hawakusogea hata kidogo, na rafiki yake aliyekuja mwaka jana aliwakuta wanasuka mikeka.

Mgeni mmoja, Bi Liesbeth, mwanamke mwembamba mwenye nywele nyeupe, aliinama kumwonyesha mkunga picha kwenye kamera. Ndugu wa Rusmini alikuwa amekaa ukingoni mwa mwamba, mikono ameinyoosha mbele. Pembeni yake alikuwa Bi Liesbeth mwenyewe na mtungi wake, mikono ameinyoosha vile vile.

"Anauliza," Bwana Hendra akatafsiri, "wote walikuwa hivi. Ni mazoezi ya viungo?"

"Mwambie wanasubiri hiki," alisema Mbo Sadaria, akagusa kifuu.

Bi Liesbeth alikitazama kifuu. Jua lilikuwa limeshafika mapajani pa bibi. Akavua kofia yake pana, akakifunika nayo, akabaki amesimama juani huku utosi ukimwiva. Kisha akasema yeye kadi anayo, anaweza kukipeleka.

"Haiwezekani," alisema Bwana Hendra, na alisikitika kweli. "Mgeni haachi kitu ukutani. Tunalinda mazingira."

Mbo Sadaria alikaa pale asubuhi nzima. Kilio cha mtoto kilisikika kuvuka maji, chembamba kama mluzi. Walimpa wali na samaki wa kukaanga, na mhudumu mmoja akamchagulia miiba bila kuombwa. Saa saba kilio kilikatika.

Alisimama, akaenda mwisho wa gati, akapiga magoti na kutia uso majini. Aliita kama mtu anavyoita nyumba ya pili kuomba kibiriti.

"Mimi wamenikataza kuja. Njooni nyinyi."

Walikuja. Walipanda kwa ngazi ya wageni mmoja mmoja, watu mia mbili na themanini, wazee wakisaidiwa. Juu ya ngazi palikuwa na karai na maandishi ya kuomba watu wasuuze miguu, nao wakasuuza. Wahudumu waligawa taulo mpaka zikaisha, wakaendelea na vitambaa vya meza.

Ndugu wa Rusmini alikipokea kifuu kwa mikono miwili, akakinusa, akachungulia chini ya kitambaa, akacheka. Ng'ambo, mtoto alifungua macho, akalishika titi na kunyonya mpaka akapaliwa.

"Taratibu wewe," Rusmini alimwambia. "Hakuna anayekukimbiza."

Mbo Sadaria na ndugu yake walikaa ukingoni mwa gati, kila mmoja akimkanda mwenziwe goti la kushoto. Hawakuwa wamekaa pamoja tangu maboya. Wageni walipiga picha. Yule bwana mwenye tumbo alisema hivi ndivyo inavyotakiwa, na hata viatu hakulowesha.

Jioni Bwana Hendra alizungumza na wakubwa wake kwa simu. Kanuni zilikataza wasio na kadi kwenda chini. Kuhusu wa chini kuja juu, hazikusema kitu. Wiki iliyofuata ubao ulikuwa na mstari mpya: Alhamisi, saa nne asubuhi, kupanda kwa watu wa ukutani, pamoja na kahawa. Watu wa Bungin Pute waliruhusiwa kuleta vifuu vyao siku hiyo hiyo na kusimama nyuma ya mstari mweupe, wasiwazibe wageni. Siku nyingine zote ngazi ilivutwa juu na kutiwa kufuli. Kamba na maboya vilibaki. Watu wa ukutani walikuja kila Alhamisi, kwa kuwa walitaka kuwaona ndugu zao, na walizoea kugeuka upande wenye mwanga wakipigwa picha.

Mwezi uliofuata, Ramlia, jirani wa Rusmini, alijifungua mtoto wa kiume usiku wa kuamkia Jumamosi. Kutwa nzima mtoto alilia, na maji yale hayazuii sauti. Wageni walilalamika wakati wa chakula. Bwana Hendra akaagiza kila chumba kiwekewe pamba za kuzibia masikio, na kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akatuma boksi zima kijijini, labda nao hawakulala.

Jumapili mtoto alinyamaza, na wageni wakaisifu hoteli kwa utulivu wake.

Mbo Sadaria alimshukuru mlinzi aliyeleta boksi, akamfungia kipande cha muhogo cha kula njiani. Kisha akakaa karibu na Ramlia, akachovya pamba kwenye maji ya dafu na kuikamua kwenye mdomo wa mtoto, tone moja, akasubiri ameze, tone jingine. Alhamisi ilikuwa bado siku nne.