Kitindamimba wa Kinanda

Usiku wa jana niliota, na naapa sikulala na njaa, kwamba kinanda cha mabomba cha kanisa letu la Usambara kinafufuliwa. Mimi, mwalimu wa kwaya, ndiye mpigaji wake. Kisipolia Jumapili hii, wazee wa kanisa wataweka kile cha umeme. Roho iliniuma hata ndotoni.

Mchungaji Kaniki anasoma masharti ya matengenezo: "Kinanda kirudi kama kilivyokuwa mwanzo."

Kinanda kikatii. Mabomba ya mbao yakachipua majani. Ngozi ya mivukuto inayokipa pumzi ikasimama, ikawa mbuzi, ikaanza kuyala majani hayo.

"Si mwanzo huo, mchungaji," nikamnong'oneza.

"Masharti ni masharti, mwalimu," akajibu, akimswaga mbuzi atoke madhabahuni.

Bomba kubwa kuliko yote likakohoa vumbi.

"Shikamoo, babu," nikasema, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Hatuimbi. Kitindamimba wetu hayupo."

"Yuko wapi?"

"Mlimuuza."

Mara kanisa likawa uwanja wa nje, Jumapili ya mavuno, sadaka za mazao zinanadiwa. Mzee Shemboko, mnadi wetu, anainua mzigo wa miwa. Katikati yake limefungwa bomba dogo, linapiga kelele: "Mimi si muwa!" Hakuna anayelisikiliza, watu wanagombania jogoo.

"Mara ya kwanza! Mara ya pili! Umekwenda!"

Mzigo ukachukuliwa na mama mwenye kitenge cha kijani. Nikamkimbilia, moyo ukinidunda. Akageuka. Ni Nakijwa, mke wangu.

"Yule anasema si muwa!" nikamwambia.

"Muwa gani utakiri kuwa ni muwa, baba Mbelwa?"

Nikazinduka. Kumekucha. Jikoni Nakijwa alikuwa anapuliza moto kwa kile kibomba chake cheusi, kama kila asubuhi. Nilikiona miaka yote, na leo ndiyo nikakiangalia. Ubavuni kilikuwa na tundu, kama mdomo wa bomba la kinanda, ameliziba kwa udongo ili pumzi isipotee.

Nikakiomba. Nikakwangua udongo, nikafuta masizi kwa pindo la shuka, nikapuliza polepole.

Kikalia. Kasauti kembamba, safi, ka juu kabisa. Machozi yakanitoka kwa furaha, wala si moshi.

Nakijwa akanitazama, akautazama moto unaozimika.

"Haya, wamempata mtoto wao," akasema. "Na mimi uji nitaupikaje?"

Sikuwa nimemsimulia ndoto.