Uzi wa Fidanka

Fidanka alikuwa na mbio za kumshinda kila mvulana wa mtaa, ila mwili ulikuwa umegoma kukua. Mwalimu wa riadha alimtazama juu hadi chini, safari ambayo haikuwa ndefu, akamwambia arudi akishaongeza kimo. Mama yake, Sabka, akaanza kumlisha maharage na mkate kama anayenenepesha bata wa sikukuu ya Mtakatifu Vasili. Lakini tangu wiki iliyopita mtoto alikuwa akibakiza chakula, na akienda kuteka maji alipumzika njiani. Sabka aliona, akanyamaza, kwani ubaya ukiitwa huitika.

Jioni moja wakiwa mezani, Fidanka akasema angependa kujipima tena, ila uzi wake hauonekani. Alikuwa ameukata kwenye bunda la uzi wa ujenzi la baba yake, Raycho, fundi aliyekuwa akijenga ukumbi wa mazoezi wa shule. Alikuwa amejipima nao kwenye ukuta wa ukumbi huo, akapiga fundo palipofika utosi, kisha akautundika kwenye msumari.

Sabka aliweka kijiko chini. Katika mtaa wao wa Waroma, jamii inayobaguliwa pale mjini Sliven, hakuna asiyejua: uzi uliompima mtu ukizikwa ukutani, ukuta husimama na mtu huanguka. Mafundi wa zamani waliiba hata vipimo vya vivuli vya wapita njia. Wenye shule zao husikia wakacheka. Na wacheke, mtoto si wao.

"Uzi mwekundu?" Raycho akauliza.

"Ndiyo, baba."

"Nilidhani ni takataka. Nimeufunika kwa lipu."

Usiku ule hakuna aliyelala. Alfajiri wakaenda ukumbini wote watatu kabla msimamizi hajafika. Raycho alijua akibomoa atafukuzwa kazi, na kazi kwa Mroma haiokotwi, lakini alipiga nyundo bila kusita. Lipu ikamwagika, uzi ukachomoza umekakamaa kwa chokaa, fundo lake likiwa zima. Sabka akamvua mtoto viatu, akamsimamisha wima, akaukanyaga uzi kwenye ncha na kuuvuta juu.

Fundo lilipita utosi wa Fidanka. Lilipita kwa upana wa kidole kizima.

"Uzi ukilowa hurefuka," Raycho akasema. Hakumtazama mkewe. Fundi gani asiyejua kwamba uzi ukilowa hufupika?

Fidanka hakuweza kuona juu ya kichwa chake. Alikuwa bado amejinyoosha, visigino vimebana ukuta, anahema kwa ule mwendo mfupi wa kutoka nyumbani.

"Nimekua, mama?"

Sabka akaukunja uzi haraka, akauficha kiganjani.

"Umekua, mwanangu," akasema. "Umekua sana."