Kandambili za Mzee Shemdoe

Usiku wa jana, baada ya kuweka fomu chini ya mto nisije nikaisahau, niliota nimekwenda uhamiaji kuripoti makazi, na nyumba imenifuata.

Sisi wastaafu wageni hapa Tailandi huripoti kila siku tisini kwamba bado tunakaa pale tulipoandikisha. Miaka sita Mzee Shemdoe, mume wangu, ndiye aliyetujazia fomu sote wawili. Mwezi wa nne tulimzika hapa hapa. Safari hii najaza mwenyewe, na nilihofu nikikosea watanirudisha kwetu Muheza, nimwache peke yake.

Nyumba inatembea nyuma yangu, imeinua mapazia yasichafuke. Ukumbini mstaafu mmoja Mnorwe anasogea kwenye benchi kuipisha.

"Karibu ukae, mama," anaiambia, kwa Kiswahili cha Tanga kabisa.

Nilimshukuru. Si kila mtu huipisha nyumba.

Dirishani alikuwapo mhuri amevaa miwani. Nikamwamkia shikamoo, maana alikuwa mhuri wa zamani.

"Marahaba, bibi. Nyumba hii yako?"

"Ya kupanga."

"Inakujua?"

"Namjua," nyumba ikajibu yenyewe. "Hukohoa mara mbili kabla ya kufungua mlango. Akipika wali wa nazi humpelekea na jirani."

Mhuri akaandika yote, hata kikohozi. "Mnakaa wangapi?"

Nikaitazama nyumba.

"Wawili!" ikaita sauti kutoka ndani ya nyumba.

Zikatoka kandambili za Mzee, zile za bluu, zikijiendea zenyewe, ya kushoto mbele. Kwetu mwanamke akibaki peke yake huacha viatu vya mumewe mlangoni, mpita njia ajue humu kuna mwanamume. Lakini mimi sikuziacha kwa sababu ya wezi.

"Nyamazeni," nikazinong'oneza. "Mtanifukuzisha."

"Mama Hiza, mwoga tangu enzi," ya kulia ikacheka, cheko lilelile la Mzee. "Kila asubuhi unatupangusa vumbi, leo mbele ya watu unatukataa?"

Mhuri akavua miwani. "Bibi, mwenye viatu hivi yuko wapi?"

Nageuka, ukumbi umekuwa makaburi ya pale kilimani alikozikwa Mzee. Mnorwe bado yuko kwenye benchi, ameshika namba yake ya foleni. Nikaona bora niseme kweli.

"Amefariki, baba. Kaburi lake ni mwendo wa dakika kumi kutoka nyumbani. Ndiyo maana sitaki kuondoka."

Mhuri anafungua kitabu cha kanuni. Kitabu kinapiga chafya, kinaomba radhi, kinafunguka tena.

"Kanuni inasema anayefutwa ni aliyehama," akasoma. "Dakika kumi, bibi, hapa hatuiti kuhama. Tunaita kutoka kidogo."

"Si nilikwambia?" kandambili ya kulia ikamwambia mwenzake.

"Naandika: mmoja yupo, mmoja katoka kidogo. Lete fomu nigonge."

Nikapapasa mkoba. Fomu nimeiacha chini ya mto! Nyumba ikainamisha paa kwa aibu, kana kwamba kosa ni lake.

Hapo kandambili ya kushoto ikajilaza chali. "Gonga hapa, mjomba. Mama Hiza asirudi mikono mitupu."

Mhuri akajipumulia kwanza, ili asiiguse akiwa baridi. Kisha akagonga, taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala.

Nikaamka kumekucha. Fomu ilikuwa imejikunja chini ya mto. Niliinyoosha kwa kiganja, nikajaza jina langu na anwani yetu, na palipouliza tunakaa wangapi nikaandika: mmoja. Nikakohoa mara mbili, nikafungua mlango niende zangu uhamiaji.

Kandambili ya kulia ilikuwa pale nilipoiacha jana. Ya kushoto ilikuwa imelala chali, na kwenye soli yake mna duara la wino wa zambarau, bado bichi, na tarehe ya siku tisini kuanzia leo.

Nikaisogeza kivulini, wino ukauke vizuri.