Sahani Iliyorudi na Pilau Yake

Hapa Nyololo sahani ya sikukuu ikitoka na pilau, hurudi na kitu kingine, hata kama ni ndizi. Lakini ile niliyompelekea jirani yangu Alifiya Krismasi hii ilirudi imefunikwa kwa kitambaa changu mwenyewe, pilau imejaa, nyama haijaguswa.

"Amesema asante, wameshiba," alisema mkwe wangu Eveline, aliyekuwa ameipeleka.

Wameshiba nini? Asubuhi hiyohiyo Murtaza, mume wa Alifiya, alikuja na kisu chake kutuchinjia mbuzi, kama afanyavyo kila mwaka. Sisi Walutheri, wao Waislamu, na mbuzi wa Krismasi humchinja yeye ili tule wote. Idi tunakula kwao, Krismasi wanakula kwetu. Sasa leo kuna nini?

Nilichanganyikiwa, na mimi nikichanganyikiwa huanza na hasira. Nikamgombeza mwanangu Adrian kwa kosa la kukaa tu. Nikaukodolea macho mti wa Krismasi. Eveline, tuliyemwoa mwaka huu kutoka Iyunga, alikuwa amebandika pamba kwenye tawi la paini, eti theluji. Nje mvua inanyesha, mahindi yamefika magotini, ndani kwangu theluji! Labda Alifiya alichukizwa na hiyo pamba? Au ile kofia nyekundu aliyovishwa mbuzi apigwe picha kabla ya kuchinjwa?

Nikajitanda kanga nikaenda mwenyewe. Alifiya alikuwa amekaa jikoni kwake. Jiko limezimwa, sufuria zimepinduliwa, watoto wanakula mkate mkavu kwa chai.

"Mama Zehra, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama Adrian."

"Sasa mbona umenirudishia chakula?"

Akatazama mlangoni, kisha akanishika mkono. "Yule binti bado mgeni. Usimfokee leo."

Sikuelewa hata kidogo. Mtu anasema ameshiba, jiko lake la baridi, watoto wanatafuna mkate, halafu anamtetea mkwe wangu ambaye sijamshtaki kwa lolote. Nilirudi nyumbani roho inaniuma. Niliona urafiki wetu ndio umekwisha, na sijui hata umekufa kwa ugonjwa gani.

Eveline alinipokea kwa wasiwasi. "Mama, au hawakupenda nyama yangu? Niliona kwenye simu, Krismasi wenzetu wa Ulaya wanaloweka nyama kwenye mvinyo, inalainika. Mvinyo hatuna, nikatumia ule ulanzi wa Adrian. Hata mama Zehra nilimweleza nilivyoipika. Akacheka, akasema nimejitahidi."

Ulanzi! Pombe ya mianzi, kwenye sahani ya Alifiya! Nikafungua mdomo nifoke. Kisha nikakumbuka ule mkono ulivyonishika, nikafunga mdomo.

Nilimweleza taratibu. Binti wa watu alilia mpaka akaniliza na mimi.

"Basi, futa machozi," nikamwambia. "Washa moto."

Paja moja lilikuwa bado linaning'inia stoo, halijaonja ulanzi. Tukatoa sufuria mpya aliyozawadiwa Eveline harusini, tukaanza upya, vitunguu, viungo, mchele wa Ubaruku. Adrian nikampa kazi ya kumenya vitunguu saumu. Theluji ya pamba ilidondokea kwenye kapu la mkaa, nikaiokota, nikairudisha mtini.

Jioni tukabeba sahani, mimi na Eveline. Murtaza alifungua mlango hata hatujabisha hodi. Nikachungulia jikoni. Jiko bado la baridi.

"Mama Zehra, ndiyo nini kukaa na njaa kutwa nzima? Hata ugali hukuweza kusonga?"

Alinitazama kama vile ni mimi niliyepotea njia.

"Nipike mimi? Leo Krismasi! Tangu lini nikapika Krismasi?" Akaipokea sahani, akamvuta Eveline akae karibu yake, akampa kijiko cha kwanza. "Umechelewa, mama Adrian. Watoto wamemaliza mkate wote."