Transista Ndani ya Biblia

Binti yangu Judica hakai nami mezani hata dakika kumi. Lakini mwalimu Severina alipohamia hapa Dongobesh, yeye na Judica walikaa mezani siku tatu wakilehemu vidude kwenye saketi, watengeneze kiboksi cha kukanyaga kwa mguu ili gitaa la marehemu mume wangu lingurume kwaya ikiimba. Wivu uliniuma. Nikachukua transista yao moja, kidude kidogo kama punje ya mahindi, nikaificha ndani ya Biblia.

"Shikamoo mama. Hujaona kadude keusi kenye miguu mitatu?" Severina aliuliza, Judica naye akipekua chini ya meza.

"Marahaba. Labda kuku kameza."

Jioni, wakati wa sala, Judica alifungua Biblia asome. Transista ikaanguka mezani. Niliinamisha kichwa.

"Kuku gani huyu anayesoma Zaburi?" Judica akasema, akanivutia kiti. "Kaa hapa, mama. Utushikie koleo."