Bunduki Yenye Jina la Babu

Kila asubuhi nilichemsha chai ya rangi, nikaimimina kwenye kikombe cha bati, na Babu Bernadi akakipokea kwa mikono miwili na kushuka nacho hadi kwenye matete ya ziwa. Huko alikaa juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa, akanywa taratibu huku akimwangalia kiboko. Kiboko naye, jike kubwa lenye sikio la kushoto lililochanika, alitoa macho na pua juu ya maji akamwangalia Babu. Chai ilipokwisha, Babu alirudi nyumbani kuandika.

Bibi Ottilia alimwita kiboko yule mke mwenzake. "Mwambie mke mwenzangu ale nyasi," alikuwa akisema. "Aache mpunga wa watu."

"Mm," Babu alijibu. Hilo ndilo lililokuwa jibu lake kwa karibu mambo yote.

Asubuhi ya Alhamisi ile chai haikufika hata nusu. Honi ililia, na gari la kampuni ya uwindaji likashuka mlima wa Lipingo, likapita katikati ya mihogo ya Bibi na kusimama mbele ya jiko. Nyuma yake kulikuwa na sanduku refu, jembamba, la mbao iliyong'arishwa, lenye vishikio vya shaba. Bibi alilitazama mara moja tu. Akatupa ungo wa dagaa wa usipa, akashika kichwa.

"Uwii! Mtoto wa nani jamani?"

Kwetu mtu haachwi kulia peke yake. Majirani walikuja mbio wakilia kabla hawajajua wanamlilia nani. Lusia, mjane ambaye shamba lake la mpunga linapakana na matete, alifika akiwa tayari amejifunga kanga ya msiba kiunoni.

"Bibi, nyamaza, si jeneza!" Aliyesema hivyo alikuwa Leopold, akishuka garini na suti yake ya rangi ya maziwa. "Ni zawadi! Ni bunduki ya ukumbusho wa Mzee!"

"Ukumbusho?" Bibi aligeuka kumtafuta Babu, akamwona anapanda kutoka ziwani na kikombe chake. "Mbona huyu hapa?"

"Siku hizi hatungoji mtu afe, Bibi. Ni soko huria."

Wanawake waliendelea kulia kidogo, kwa sababu walikuwa wameshaanza.

Ni lazima nieleze kuhusu Leopold. Kwa miaka mingi alikuwa mhariri wa gazeti dogo la kila mwezi lililochapwa Mbinga mjini, na Babu alikuwa akiliandikia habari za porini na ziwani. Watu walizisoma vijiweni, kanisani baada ya misa, na kule milimani walipokuwa kwenye foleni ya kuuza kahawa. Baadaye karatasi zilipanda bei, magazeti ya rangi yakaanza kuingia kutoka Dar es Salaam, na gazeti letu likafa. Leopold akapata kazi kwenye kampuni mpya ya uwindaji, na sasa alikuwa amewashawishi wakubwa wake watengeneze bunduki moja ya kumuenzi mwindaji mpendwa wa wilaya nzima.

Tatizo lilikuwa moja. Babu hakuwa mwindaji. Hakuwahi kufyatua hata manati.

Mimi nilijua, kwa sababu tangu nirudi kutoka chuo cha ualimu ndimi niliyekuwa nikimnakilia habari zake kwa mwandiko mzuri kabla hazijapelekwa Mbinga. Babu aliandika alichokiona: pofu, yule swala mkubwa, anavyokunywa maji, mamba anavyobeba watoto wake mdomoni, kiboko anavyopiga miayo. Kila habari iliishia kwa kuangaliana. Lakini gazeti lilipotoka, mwishoni kulikuwa na maneno mengine: *Ndipo nikafyatua. Paa! Ziwa likanyamaza.* Leopold alikuwa anayaongeza. Alisema habari ya porini bila risasi ni kama ugali bila mboga.

"Babu, kwa nini usimkataze?" nilimuuliza mara moja.

"Mm. Anawajua wasomaji."

Na kweli wasomaji waliyapenda maneno yale. Watoto wa shule waliyaimba wakiruka kamba. Padri mmoja alimalizia nayo mahubiri ya Pentekoste. Hakuna aliyeuliza imekuwaje kiboko yule yule mwenye sikio lililochanika, ambaye kwa hesabu ya gazeti alikuwa ameuawa mara kumi na moja, bado anakula mpunga wa Lusia.

Sanduku lilifunguliwa. Bunduki ilikuwa nzuri, lazima niseme hivyo. Kwenye kitako chake cha mninga walikuwa wamemchonga kiboko, pamoja na sikio lake. Babu aliligusa lile sikio kwa kidole, kisha akaurudisha mkono haraka kama mtu aliyeungua.

"Na hapa wameandika nini?" Bibi aliuliza.

"Bernadi," Leopold akasoma kwenye bamba la shaba. "Ndilo jina la bunduki."

Bibi na majirani wakatazamana. Leopold alikuwa amekaa mjini muda mrefu, akasahau kwamba huku kwetu jina halibandikwi hivihivi. Mtoto akipewa jina la babu yake, amekuwa wajina wake. Bibi humwita mume wangu, humbakizia samaki, na ukoo mzima husubiri kuona atachukua tabia gani ya mwenye jina. Bibi Ottilia alijifuta mikono, akainama mbele ya sanduku.

"Karibu, mume wangu," akaiambia bunduki. "Pole na safari."

"Bibi," alisema kijana mmoja mwembamba aliyekuwa amebaki garini. Alikuwa Placidi, bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, aliyetumwa kwa sababu sheria hairuhusu silaha kutembea bila afisa. "Hiyo italala ofisi ya kijiji. Nina ufunguo."

"Wajina alale ofisini kama mwizi, na nyumba ya mwenzake ipo?"

"Bibi, mimi siruhusiwi kuiacha."

"Nani kakufukuza? Mkeka upo."

Kwa hiyo bunduki ililala sebuleni kwetu, ndani ya chandarua, na Placidi akalala kando yake. Chandarua hakikuwatosha wote wawili. Kulipokucha bunduki ilikuwa salama, na Placidi alikuwa na manundu kuanzia magotini hadi vidoleni. Bibi aliiwekea wajina kipande cha samaki wa mbasa na ugali wa muhogo. Placidi alikitazama kipande kile muda mrefu, kisha akakila kwa niaba ya serikali.

Hayo yangekuwa mambo ya kuchekesha tu kama si mwenyekiti wa kijiji, Hamphrey. Alikuja Ijumaa, akaizunguka bunduki, akamzunguka Babu.

"Bunduki ipo, mwindaji yupo, kiboko yupo. Tunangoja nini?"

"Kibali ninacho," alisema Placidi akijikuna. "Mnyama mharibifu wa mazao. Na risasi ninayo moja."

"Moja inamtosha Mzee!" Leopold akapiga makofi. "Kesho, sherehe, mbele ya wananchi. Wajina kwa wajina!"

Lusia alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke ambaye hapendi kusumbua watu, na alisema kwa sauti ya chini, "Baba Bernadi, mwaka jana alikula mpaka tukamaliza kiangazi kwa maembe mabichi. Mwaka huu mpunga umetoka vizuri. Kama utanisaidia, Mungu akubariki."

Babu alimwangalia Lusia, akaangalia chini.

"Mm," akasema.

Kila mtu alisikia ndiyo.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea chai mwenyewe kwenye mtumbwi mbovu. Kiboko alikuwepo, masikio yakicheza kufukuza inzi.

"Babu, utapiga?"

"Mm."

"Ya ndiyo au ya hapana?"

Alinirudishia kikombe kikiwa kimejaa. Alikuwa hajawahi kufanya hivyo. "Mchumba," akasema, maana ndivyo anavyonitania, "mtu akikuletea kitu chenye jina lako, unakirudishaje?"

Hilo chuoni hawakutufundisha.

Mchana uwanja wa mpira ulijaa. Walikuja watu wa Liuli kwa mitumbwi na wa Mbamba Bay kwa gari la mkaa, na karibu kila mmoja alikuja na beseni. Kulikuwa na kwaya ya Waanglikana na kwaya ya Wakatoliki, na kwa kuwa hakuna iliyokubali kuipisha nyenzake, waliimba zote mbili kwa pamoja, nyimbo tofauti. Hamphrey alishika kipaza sauti kilichounganishwa kwenye betri ya gari akagawa nyama: paja hili kwa kwaya hii, paja lile kwa kwaya ile, mbavu kwa shule, kichwa kwa wageni wa wilayani. Ukazuka ugomvi juu ya moyo. Ulipotulizwa, nyama ya kiboko ilikuwa imekwisha kabla kiboko hajafa.

Kisha nikaitwa nisome habari ya Babu iliyopendwa kuliko zote. Mimi siwezi kuongea mbele za watu. Darasani kwenyewe nasema nikiutazama ubao. Nilikishika kipaza sauti kama mtu aliyekabidhiwa nyoka, nikasoma:

"Akanyanyua kichwa. Maji yakamtiririka puani. Tukaangaliana muda mrefu, kama watu wawili waliowahi kufahamiana."

Hapo ndipo Babu alipoishia kuandika, nami nikaishia hapo. Haikusaidia. Uwanja mzima, kwaya mbili, watoto, wagonjwa walioletwa kwa baiskeli, wakapokea kwa sauti moja: "Ndipo nikafyatua! Paa! Ziwa likanyamaza!"

Wakapiga vigelegele, na wote wakaelekea kwenye matete.

Babu alitangulia, ameibeba bunduki kwa mikono miwili kama anavyobeba kikombe chake. Placidi alimfuata akimwonyesha kifyatulio kilipo. Kiboko alitusikia na angeweza kwenda zake, lakini alimwona Babu. Akasogea karibu zaidi, akanyanyua kichwa. Maji yakamtiririka puani.

Babu akainua bunduki.

Watu walinyamaza hata ukasikia mabeseni yakigusana. Babu alilenga. Akaendelea kulenga. Wakaangaliana muda mrefu sana, muda ule ule ambao kila mmoja wetu aliujua kwa moyo, na nadhani ulipofika mwisho wake midomo ya watu haikuweza kujizuia.

"PAA!" watu wote wakasema.

Kiboko akazama.

Mabeseni yakaingia majini na wenyewe. Hamphrey alichomoa kisu. Kwaya ya Wakatoliki ikaanza wimbo wa shukrani, na ile ya Waanglikana ikaanza wa kwao. Mwanamke mmoja wa Liuli alilia akisema hajawahi kusikia bunduki yenye sauti kubwa namna ile. Halafu, mbali kidogo, sikio moja zima na sikio moja lililochanika yakatokea juu ya maji, na kiboko akapuliza pua.

"Amemkosa!" Hamphrey akapiga kelele.

Placidi aliichukua bunduki, akanusa mtutu, akaifungua. Risasi ikaanguka kiganjani mwake. "Haijapigwa."

"Nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Ulijisikia mwenyewe, Mwenyekiti. Umesema paa karibu kabisa na sikio langu."

"Nilijua," alisema Bibi Ottilia. "Kamfuata wajina wake. Naye hasemi."

Watu wakacheka, hata waliokuwa majini. Leopold peke yake ndiye hakucheka, maana suti ilikuwa imelowa hadi kiunoni. Alikuja na kipaza sauti, vijana wawili wakimbebea betri nyuma. "Ndugu wananchi, ni hitilafu ndogo. Mzee atapiga tena, na safari hii naomba mnyamaze." Akamgeukia Babu. "Piga, Mzee. Watu wametoka mbali."

Lusia naye hakuwa akicheka. Alisimama kando ya mpunga wake, beseni tupu kichwani, akimngoja Babu. Babu alimtazama, na niliona kwamba safari hii *mm* isingetosha.

Alinyoosha mkono. Leopold akadhani anataka bunduki, akampa ishara Placidi. Babu akatikisa kichwa, akachukua kipaza sauti.

"Mm," akaanza, na *mm* yake ikapaa juu ya ziwa, ikagonga mawe, ikarudi. Watu wakapiga makofi. Babu akatikisa kichwa tena, akangoja yaishe.

"Lusia, mwanangu, usiku wa leo nitalala shambani kwako. Nitakuwa na debe la kupiga kelele. Akija nitamrudisha, ananifahamu."

"Na kesho, Baba?"

"Na kesho. Mpaka uvune."

Lusia alifikiri. Kisha akateremsha beseni kutoka kichwani, akaligonga chini yake kwa kiganja, kujaribu mlio. "Debe halitatosha," akasema. "Chukua na hili."

Babu akalipokea kwa heshima, akaliweka kwapani.

"Leopold," akasema, "yale maneno ya mwisho ni yako. Yachukue, urudi nayo Mbinga, pamoja na wajina wangu. Mwambie aliyeichonga kwamba sikio amelipatia."

"Mzee," Leopold alinong'ona, ingawa kipaza sauti kilimnasa, "unaharibu mwisho."

Babu alitafuta uso wangu katika umati, kama vile anataka nimnakilie vizuri, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akisema mambo marefu kwa sauti:

"Mwisho ni huu. Sikupiga. Sijapiga hata siku moja. Nilikuwa naenda kumwangalia kwa sababu nampenda, na chai ikiisha narudi nyumbani."