Rehani ya Ghamdan

Dokta Nabiha hakuomba jambia la mtu. Aliomba neno tu: kwamba Ghamdan akishasomea ubingwa wa watoto huko Amman, atarudi kwenye wodi yao ya milimani, ng'ambo ya mji wa Ibb, awafundishe madaktari wachanga. Mikono ya Nabiha mwenyewe ilikuwa imeanza kutetemeka. Alikuwa ameshafikia pahali pa kuwaachia wengine sindano, na wengine wenyewe hawakuwepo.

Nafasi ya masomo ilikuwa moja na walioitaka ni wengi. Ghamdan akaja na ami yake, Sheikh Mujalli, akalivua kiunoni jambia la marehemu babake na kumwekea Nabiha mbele, kama wanaume wanavyoweka rehani kwa msuluhishi mpaka ahadi itimie. Nabiha alicheka, maana yeye na mabaraza ya wanaume wapi na wapi, lakini moyoni aliona fahari. Akampa nafasi. Jambia akalizungushia blanketi la mtoto mchanga, akalifungia kabatini.

Na Ghamdan alirudi, tusimnyime haki yake. Alifundisha, na alifundisha vizuri. Wizara ilikuwa na sharti lake: wodi isiyo na mabingwa wawili hairuhusiwi kufundisha. Sasa wawili walikuwepo, na daktari mchanga Takiya na wenzake wawili wakaanza masomo, watoto wa nyumba zile zile za mawe wanakotoka wagonjwa wao. Nabiha akaanza kulala usingizi.

Kisha mdogo wake Ghamdan akapata mchumba.

"Mama, nitaingiaje kwenye ngoma na mkanda mtupu?" Ghamdan alimwambia Nabiha. "Watadhani anayeolewa ni mimi."

Nabiha alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwambia aje alichukue, harusi ikiisha alirudishe kabatini. Alikuja na Sheikh Mujalli, na hilo nalo halikumshtua. Wakakaa, wakanywa kahawa ya maganda, wakaulizana hali za watu wote wa bonde. Ndipo Sheikh akauliza kwa upole, "Dokta, umeridhika na kijana huyu?"

"Nimeridhika naye kabisa. Huyu ni mwanangu."

Akamkabidhi jambia kwa mikono miwili. Ghamdan akambusu kichwani. Nesi Huriya, aliyekuwa akipitisha vikombe, alimkodolea macho, na Nabiha akadhani kahawa imepoa.

Harusi ikaisha. Ghamdan hakuonekana wodini, na kila aliyeulizwa alisema bado ana wageni. Mwishowe akapiga simu mwenyewe, kutoka hospitali moja ya Ghuba yenye mashine za kila namna. Nabiha alimwita mtoro.

"Sijatoroka, mama. Ami aliuliza kama umeridhika, ukasema umeridhika, ukanirudishia rehani. Tumemalizana."

"Nilikuazima, Ghamdan."

"Rehani haiazimwi. Hilo hata watoto tunaowatibu wanalijua."

Naye alilijua. Alizaliwa katika desturi hiyo, alimwona babake akirudisha majambia ya watu kwa maneno hayo hayo. Hakulikumbuka kwa sababu aliyekuwa mbele yake ni Ghamdan. Mtu akikosa subira akaondoka, unaweza kumwelewa, maisha ni magumu. Lakini huyu alikaa akapanga, akajua mama huyu hatamshuku, akaleta na shahidi, kisha akambusu. Hilo ndilo lililomkata maini.

Asubuhi iliyofuata Sheikh Mujalli alifika hospitalini, uso umemsawijika. Akaapa kuwa hakujua lolote kuhusu kazi ya Ghuba, kijana alimwambia kwamba ahadi imetimia na Dokta mwenyewe anataka kumfungua. Akalivua jambia lake mwenyewe, akaliweka miguuni pa Nabiha kumwomba radhi. Watu kwenye baraza ya hospitali walisogea kutazama, maana Sheikh hakuwahi kumvulia mtu jambia.

"Mle ndani kuna mtoto shingo imekakamaa," Nabiha akasema. "Anatakiwa kutolewa maji ya uti wa mgongo. Jambia lako litayatoa?"

Sheikh alilitazama jambia, kisha mlango wa wodi.

"Basi livae, Sheikh. Mimi yamenitosha."

Wodini, Takiya alikuwa ameshavaa glavu. Mama wa mtoto alikuwa amekaa sakafuni, ameuma pindo la shela yake.

"Dokta Ghamdan ameshatoka harusini?" Takiya akauliza. "Hii sijawahi kuifanya bila yeye."

Nabiha alikuwa hajawaambia. Alitaka kudanganya, hata siku moja zaidi, lakini uongo alikuwa ameshaona wa kutosha.

"Haji tena. Wizara ikijua, itatufungia mafunzo." Akavuta kiti, akakaa karibu na kitanda. "Lakini leo bado haijajua. Mlaze ubavu, mkunje magoti yafike kifuani. Na usiiangalie mikono yangu, Takiya. Nisikilize."